Hatua Kumi na Mbili

Katika miaka kumi na tisa ya kutengeneza miguu bandia, Fundi hakuwahi kujiuliza kwa nini wagonjwa wake walirudi kukaguliwa wakiwa na viatu ambavyo soli zake hazikulika. Aliupapasa mguu, akaugonga kwa kidole, akaridhika. Soli iliyobaki mpya baada ya mwaka mzima aliihesabu kuwa sifa ya kazi yake.

Karakana ilikuwa na utaratibu wake. Mgonjwa alifungwa mguu, akasimama kati ya vyuma viwili vya kushikilia, akatembea hatua kumi na mbili kutoka meza ya plasta hadi dirishani. Akifika bila kuanguka, Fundi alitia saini. Juu ya dirisha kilitundikwa cheti alichotunukiwa ujanani kwa kubuni umbo la kikombe, ile sehemu ya juu ya mguu bandia inayopokea kigutu. Tangu siku hiyo hakulibadilisha umbo lile hata kwa upana wa ukucha. Mafundi chipukizi walipomletea michoro mipya, aliwajibu kwa upole kwamba yeye alishafika. Wao ndio walikuwa bado njiani.

Dada yake mkubwa alipokatwa mguu chini ya goti kwa sababu ya kisukari, Fundi ndiye aliyemtengenezea wa bandia. Kila Jumapili alimkuta ameuvaa, ameketi. Jumatano moja asubuhi alipita bila taarifa, akaukuta mguu jikoni, umeegemezwa kwenye mlango wa uani ili upepo usiufunge.

"Dada, mguu unafanya nini pale?"

"Uko kazini. Umeshika mlango."

"Huo ni uvivu. Tangu utoto, ukiambiwa utembee unatafuta kiti."

"Na wewe tangu utoto, ukisifiwa mara moja unaziba masikio."

"Uvae. Nitahesabu."

"Mdogo wangu, usinichokoze leo."

"Uvae."

Aliuvaa. Fundi alikunja mikono, akahesabu kwa sauti ya karakanani. Kwenye hatua ya kumi na mbili alitabasamu.

"Umeona?"

"Endelea kuhesabu," dada alisema, akampita na mkongojo wake, akashika njia ya getini. Kwenye hatua ya thelathini midomo yake ilibana. Kwenye hamsini Fundi alisema basi, inatosha.

"Hesabu, Fundi. Au zako zinaishia kumi na mbili?"

Wanawake wa nyumba ya jirani waliacha kuanika nguo. Alihesabu, sauti ikizidi kushuka, mpaka themanini na nne. Dada alirudi akaketi jikoni, akafungua mikanda, akamtupia soksi ya kigutu mikononi. Ilikuwa imelowa damu.

"Wenzangu wote wanaiweka yao chini ya kitanda," alisema. "Tunaivaa siku ya kuja kwako tu."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Tukuambie nini? Magongo yetu nayo yanatoka kwa saini yako. Mmoja alithubutu kulalamika, ukamwambia kigutu chake ndicho kibaya."

Fundi alikumbuka kwamba alisema hivyo. Alikumbuka pia kwamba mafundi chipukizi walicheka, na kwamba alipenda walivyocheka.

"Daktari aliniambia kikitokea kidonda kingine hapo, goti nalo linakwenda," dada aliongeza. "Ulikuwa unajua hilo kabla yangu. Ndiyo kazi yako."

Kidonda hakikupona. Baada ya wiki sita walimkata juu ya goti.

Sasa hakuna mguu unaotiwa saini karakanani mpaka mgonjwa atembee hadi barabarani na kurudi, na Fundi humvua soksi kwa mikono yake mwenyewe. Cheti kiko kabatini. Kikombe kimeshabadilishwa umbo mara tano, mara mbili kwa michoro ya mafundi chipukizi. Mguu ambao dada anauvaa ni wa nne. Anafika nao getini na kurudi, kisha anasema bado unamchubua upande wa ndani, na Fundi anauchukua kwenda kuuchonga upya.