Kikosi cha Mizani ya Ng'ombe

Katika mechi ya kwanza ya mwaka 1893, Chuo cha Kilimo cha Wendover kilifungwa na Chuo cha Ashgrove pointi arobaini kwa bila, na kapteni wake, Eldon Haverkamp, akarudi bwenini na sikio lililochanika na maelezo ya kisayansi.

"Uzito," aliwaambia wenzake. "Wametuzidi uzito. Mengine yote ni kelele."

Hakukosea. Mpira wa Kimarekani wa siku hizo haukupigwa sana kwa mguu. Mtu aliukumbatia kifuani, wenzake wakamzingira, na kundi zima likasukumana mabega na kundi la pili mpaka moja lirudi nyuma. Vijana wa Ashgrove, watoto wa mawakili na wenye benki, walikuwa wamekula vizuri tangu utotoni. Kila walipomlaza mwana wa mkulima chini, walilia "Mooo!" na mashabiki wao wakaitikia.

Aibu ingevumilika. Ila Profesa Lovell Stroud, msimamizi wa mashamba, alikuwa akiutamani uwanja wao wa mpira kwa majaribio yake ya viazi, na sasa alikuwa na hoja. Mkuu wa chuo akakata shauri: zimebaki mechi mbili, wakishinda hata moja, uwanja ni wao, wakishindwa zote, plau itaingia kabla ardhi haijaganda.

Eldon alikuwa mwanafunzi wa ufugaji, na maksai aliyemnenepesha mwenyewe alikuwa ametwaa tuzo ya kwanza kwenye maonyesho ya jimbo. Utaratibu aliujua: mpumzishe mnyama, mlishe, mpime. Aliomba wachezaji wasamehewe kazi ya shamba, ambayo kila mwanafunzi wa Wendover aliifanya mchana baada ya masomo. Akakubaliwa. Akawapangia uji wa oti wenye malai ya maziwa, mkate wa mahindi uliopakwa mafuta ya nguruwe, viazi, na maziwa bila kipimo. Kila Jumamosi aliwapeleka nyuma ya zizi, kwenye mizani ya ng'ombe.

"Panda, Gus."

Gus Tollefsen, aliyecheza katikati ya mstari wa mbele, alipanda na ubao ukalia.

"Kapteni, wiki ijayo utanilisha mashudu?"

"Ukikubali."

"Halafu bucha?"

"Itategemea unavyocheza."

Darasa zima la ufugaji lilikuja kutazama. Wengine waliwabonyeza migongo kama wanunuzi mnadani. "Huyu amejaa vizuri nyuma," walisema, na Gus akawageukia ili waone na upande wa pili. Uzito ulipanda wiki baada ya wiki. Eldon aliridhika, kwa kuwa namba zilikuwa upande wake.

Mechi ya pili ilikuwa dhidi ya Chuo cha Ualimu cha Kellerton. Hadi mapumziko Wendover waliongoza kumi kwa bila. Waliwapitia wale walimu kama mkokoteni unavyopita juu ya majani. Kipindi cha pili pumzi ikakata.

"Simama, Gus!"

"Nasimama, bwana. Nipe nafasi kidogo."

"Mpira unapita!"

"Nauona. Una haraka sana."

Wakashindwa kumi na nane kwa kumi. Eldon alimaliza mechi akitapika malai kando ya uzio, na hapo ndipo Profesa Stroud alipomkuta.

"Haverkamp, umefanya kazi safi kabisa," profesa alisema. "Wapakie kwenye treni waende Chicago. Machinjioni watagombaniwa."

Waliokuwa karibu walicheka, na Eldon pia alicheka. Kisha akaacha. Yule maksai wake wa tuzo alikuwa amelala njiani mara mbili kabla ya kufika stesheni, na hakuna aliyeshangaa, kwa sababu hakunenepeshwa ili atembee. Mizani haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kuandaa nyama pale ambapo alihitaji farasi wa plau.

"Profesa," aliuliza akijifuta mdomo, "mahindi ya shamba la kaskazini yameshavunjwa?"

"Nusu bado. Wafanyakazi wangu umewafungia zizini unawanenepesha."

"Tupe sisi."

Stroud alimtazama. "Unajua kwamba nautaka uwanja wako."

"Najua. Na mahindi je, huyataki?"

Wakaingia shambani. Mahindi yalivunjwa, yakamenywa papo hapo, yakarushwa ndani ya mkokoteni ambao farasi hawakuusimamisha, aliyechelewa alikimbia. Mkokoteni ulipojaa, farasi walifunguliwa na wachezaji wakausukuma kwa mabega kupanda kilima cha ghala. Gus alimtukana kapteni kwa Kinorwe na kwa Kiingereza. Mikono ilipasuka, mikanda ikalegea, na Eldon akakataza mtu yeyote kukaribia mizani.

Ashgrove walikuja mwishoni mwa Novemba, kwenye upepo mkali. Walifunga mapema wakapata pointi nne, wakakosa shuti la nyongeza la pointi mbili, na mapumziko yakafika nne kwa bila. "Mooo!" mashabiki wao waliimba.

Baada ya mapumziko Wendover waliushika mpira karibu na lango lao wenyewe. Wakasukuma, wakapata hatua chache.

"Tena," alisema Eldon.

Wakasukuma.

"Tena."

Nahodha wa Ashgrove alikuwa akihema kwa mdomo. "Nyie hamna mchezo mwingine?"

"Tunao," Gus akamjibu. "Lakini huu haujaisha."

Walivuka uwanja mzima kwa mchezo huo mmoja, mpaka Gus akauangukia mpira ng'ambo ya mstari wa lango la Ashgrove. Nne kwa nne. Shuti la nyongeza lilikuwa la Eldon, nalo halikuwa shuti la kusifiwa: mpira uligonga mwamba, ukasitasita, ukaangukia upande wa pili. Sita kwa nne. Ashgrove hawakupata tena nguvu za kufika popote.

Watu walipoanza kutawanyika, Stroud alimfuata kapteni.

"Nimepoteza udongo bora kuliko wote hapa chuoni."

"Pole, Profesa."

"Lakini mahindi yangu yako ghalani, na theluji bado haijaanguka. Haijapata kutokea." Akakohoa. "Mwakani mnaanza lini?"

"Oktoba mwanzoni."

"Anzeni Novemba. Oktoba nawataka nyote shambani."

"Kapteni, kataa," alisema Gus, ambaye alikuwa bado amelala kwenye matope.

Lakini Eldon alikuwa ameshaanza kuuliza ukubwa wa shamba.