Msichana Asiyegeuza Shingo

Dada yangu Nafula aliumwa koo kwanza. Nyumbani kwetu watu wakisimulia habari zake huanzia siku ya ng'ombe wa mahari, kana kwamba kabla ya hapo hakukuwa na kitu. Mimi naanza na koo.

Ilikuwa mwaka 1966, nami nilikuwa nyumbani, shule imefungwa. Nafula alikuwa akimeza mate huku amefumba macho. Shangazi Naliaka, dada yake baba, aliyetulea tangu mama afariki, alimpa maji ya chumvi asukutue. Koo likapoa. Akala ugali, akacheka, tukasahau.

Kisha homa ikaja. Alitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta, akatulia akiwa amelowa jasho, kesho yake akatetemeka tena. Baba akanunua klorokwini kwa Mbarak mwenye duka. Homa haikusikia dawa. Upande wa kushoto wa shingo, chini ya taya, ukavimba, na Nafula akashindwa kugeuza kichwa.

Shangazi aliupapasa uvimbe ule, akatoka nje kumwita baba. Nilikuwa nyuma ya jiko, niliwasikia.

"Methuselah, hii shingo siipendi. Inafanana na ya yule binti wa jirani."

Binti wa jirani alikuwa na TB ya tezi. Alitibiwa akapona, lakini hakuna mwanamume aliyerudi kumposa. Watu walikuwa hata hawanywi maji kwao.

"Tumpeleke hospitali," baba alisema.

"Tumpeleke, halafu? Jumamosi Wateso wanakuja na ng'ombe. Akilazwa leo, kesho Malaba nzima imejua. Watasema tuliwauzia mgonjwa. Na mdogo wake Mildred naye, nani atamtaka?"

"Basi ng'ombe wapokelewe kwanza," baba akasema.

Nilipomwambia baba kwamba Nafula anapumua vibaya, kwamba ubavu unamchoma, alinijibu, "Sekondari hawafundishi udaktari." Shangazi akaniongezea kuni za kupasua.

Mchumba alikuwa Ojakol, mtu wa Malaba, karani wa wakala aliyeshughulikia mizigo ya malori pale mpakani. Jumamosi yeye na jamaa zake walikuja kwa pikapu ya tajiri wake, ng'ombe wakiwa wametangulia kwa miguu. Kwa kuwa sisi hatukujua Kiteso na wao hawakujua Kiluhya, kila kitu kilisemwa kwa Kiswahili.

Shangazi alikuwa amemfunga Nafula kitambaa kizito shingoni hadi masikioni. Nafula aliingia na maji, akapiga magoti mbele ya kila mgeni. Kila alipotaka kumsalimu mwingine, aligeuza mwili mzima, polepole, macho chini.

Akurut, shangazi yake Ojakol, mwanamke mnene mwenye sauti ya sokoni, alimtazama akapiga paja.

"Huyu amefundwa. Wetu wanazungusha shingo kama kuku aliyeona mwewe."

Watu wakacheka.

"Kwetu msichana haangaliiangalii," shangazi yangu akasema.

"Basi utuazime kidogo hiyo adabu, mama, tuwapelekee wasichana wetu."

"Ongeza ng'ombe mmoja, nitakuja mwenyewe niwafunde."

Wakacheka tena, baba kuliko wote. Mimi nilikuwa namwangalia Nafula. Jasho lilikuwa limelowesha kile kitambaa, na midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

Ojakol alipotoka kunawa mikono, nilimmiminia maji.

"Shemeji," nikamwambia, "ile si adabu. Dada hawezi kugeuza shingo. Ana homa tangu wiki iliyopita."

Alinitazama, maji yakimwagikia viatu vyake. Hakuuliza mara mbili. Aliingia ndani, akapita katikati ya wazee, akafungua kitambaa kwa mikono yake mwenyewe. Nafula akalia kwa maumivu.

Akurut alikuwa wa kwanza kusema. "Tezi. Mmetufunikia TB kwa kitambaa."

"Chunga mdomo wako, mama. Ni malaria," shangazi yangu akasema.

"Malaria ya shingo? Tangu lini? Ng'ombe wetu warudi leo hii."

"Ng'ombe wamepokelewa," baba akasema. "Huyu ni mke wenu."

Waliendelea hivyo huku Ojakol akimbeba Nafula hadi kwenye pikapu. Hakuna aliyemzuia, hakuna aliyemsaidia. Mimi nilipanda nyuma nikampakata. Tulivuka mpaka hadi hospitali ya misheni upande wa Uganda, kwani huko kulikuwa na daktari aliyesifiwa.

Daktari alimgusa shingo kwa vidole viwili, akaufuata mshipa wa kando kuanzia taya hadi karibu na bega. Akasikiliza kifua kwa muda mrefu. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Aliumwa koo?" Nikamwambia ndiyo, lakini lilipona. Akatikisa kichwa, akaagiza sindano za penisilini.

Kesho yake jamaa zote mbili zilifika. Walikaa uani, kila upande na benchi lake, wakingoja jibu. Daktari alipotoka, baba na Akurut walisimama kwa pamoja.

"Ni TB?" Akurut akauliza.

"Hapana. Si TB."

Shangazi yangu alipiga kigelegele. Baba alishika mkono wa Akurut, naye Akurut akasema, "Nisamehe, mzee, mdomo wangu ni mrefu. Ng'ombe wakae." Daktari alikuwa bado anasema. Mimi na Ojakol ndio tuliomsikia.

"Ni ugonjwa wa nadra. Vijidudu vya koo vimeingia kwenye mshipa wa shingo. Damu imeganda humo na ina usaha, na vipande vyake vinakwenda mapafuni. Ingekuwa TB ningekuwa na muda wa kumtibu. Mngemleta homa ilipoanza, sindano hizi zingemsaidia."

Niliporudi wodini Nafula aliniuliza, "Wanacheka nini?"

"Wamefurahi. Huna TB."

Alipumua mara kadhaa kabla ya kuweza kusema. "Nilimwambia shangazi ni koo."

Alifariki Jumatano asubuhi. Ojakol alikuwa ameshika mguu wake, kwa sababu Nafula alikuwa amesema akiguswa mkono anaumia. Tulimzika kwa baba, maana Akurut alisema hakuwa amelala kwao hata usiku mmoja. Ng'ombe walirudi Malaba, na safari hii baba hakubisha.

Waombolezaji walikuja kutoka Busia yote. Shangazi alisimama langoni akiwapokea, na kila aliyeingia alimwambia haikuwa TB, daktari mwenyewe alisema mbele ya watu. Nao wakamjibu, mmoja baada ya mwingine, "Afadhali, mama. Afadhali."