Kipande cha Katikati

Katika masjala ya gereza, mtu aliyesoma bahasha iliyofungwa bila kuifungua alitozwa sauti yake. Kanuni hiyo ilibandikwa mlangoni, chini ya ile ya kuzima taa. Kabatini tayari mlikuwamo sauti tatu, kila moja katika bahasha yake, na wakaguzi walizihesabu kila mwaka pamoja na viti.

Karani wa dirisha la kupokelea vitu alijifunza kiinimacho saa za chakula, ili kupunguza uchovu. Mwalimu wake alikuwa tarishi mzee aliyebakiza miezi michache kustaafu. Alimfundisha kurusha mpira wa kufungia faili kutoka kidole hadi kidole, na kufanya vibanio viwili vishikane kwa kuvuta ncha za karatasi iliyokunjwa. Kisha akamfundisha kusoma mawazo: mtu aandike neno katikati ya karatasi, aikunje mara mbili, nawe uichane huku ukikificha kipande cha katikati chini ya kidole gumba.

"Ni uongo, mwanangu," alisema tarishi, "lakini uongo wenye nidhamu. Mkono ukiwa na haraka, umeumbuka."

"Haya, nisome mimi," mpiga chapa alichokoza.

Karani akachana karatasi. "Umeandika 'likizo'."

"Aa, hilo hata mbuzi angelijua!"

Wiki ya saba alisahau kukiiba kile kipande, akalisoma neno hata hivyo. Tarishi alimshauri ajihadhari na makabati, kisha akaenda kunawa mikono.

Kila Ijumaa mama mmoja alileta shati lililopigwa pasi kwa ajili ya mwanawe aliyekamatwa miezi kumi na moja iliyopita. Karani alilipokea, akagonga muhuri, akajibu kama alivyoagizwa: "Anaendelea vizuri." Ijumaa hiyo mama hakuliachia shati.

"Binti yangu, faili lake si hilo hapo nyuma yako? Neno moja tu. Yu hai?"

Karani aligeuka. Bahasha ilikuwa rafu ya pili, imepigwa lakiri. Aliisoma pale pale alipoketi.

"Alifariki siku ya tatu, mama. Kwa kipigo."

Mama akauliza alizikwa wapi. Hilo halikuandikwa. Akauliza mashati arobaini na saba yalikwenda wapi. Mlinzi aliyesimama karibu akafunga koti lake hadi shingoni. Mama akalikunja shati, akaondoka nalo kwa mwendo wake wa siku zote.

Saa nane Karani Mkuu alileta bahasha tupu. Hakuwa na hasira.

"Sheria ni msumeno, dada. Unalijua hilo."

"Mbona haukuwakata waliompiga?"

"Hao hawakusoma bahasha yoyote," alijibu kwa upole.

Hilo likawa swali lake la mwisho. Sauti ilitoka bila maumivu, lakini ilikuwa ndefu kuliko bahasha, ikabidi ikunjwe. Karani mwenyewe aliandika stakabadhi, nakala mbili, akazitia saini. Adhabu ikahesabiwa kuwa imelipwa, naye akarudishwa dirishani, ambako mama mwingine alikuwa akingoja na shati mkononi. Mama huyo akauliza hali ya mwanawe. Karani akagonga muhuri, na mlinzi akamjibia kwamba anaendelea vizuri.