Sanduku la Don Anselmo

Jumanne ya kwanza ya Machi 2014, saa kumi na mbili jioni, Eugénie alitundika redio kwenye msumari juu ya mlango wa jikoni, akachomeka kadi ya masomo, akakaa juu ya jerikani kusikiliza somo la tatu la Kihispania, ngazi ya kati. Mama yake alikuwa anasonga bugali. Nyumba yao ya udongo ilikuwa Kashojwa, kijiji kimoja cha kambi ya wakimbizi ya Nakivale, turubai la paa limeshikwa na mawe, na tangu ijengwe haikuwahi kula chakula cha jioni ikiwa na watu chini ya saba, maana Mama Eugénie aliita kila mpita njia.

Kozi ilikuwa ya chuo kimoja cha ng'ambo, na ilisomwa kwenye kompyuta za sola kule Base Camp, penye ofisi za kambi, sauti zake zikinakiliwa kwenye kadi. Ya Kiingereza ilijaa siku moja. Ya uhasibu ilitaka kila mkimbizi awe na kompyuta yake mwenyewe, sharti lililoandikwa na mtu mwenye akili nyingi sana. Eugénie akaangukia Kihispania, lugha ambayo hakuna mtu Nakivale aliyewahi kugombana nayo. Atakayefaulu ngazi ya kati angepewa nafasi chuoni kwenyewe, na tiketi, na visa. Njia nyingine hakuwa nayo. Faili lake la kuhamishiwa nchi ya tatu lilikuwa limelala ofisini tangu 2005, na faili likishalala miaka tisa haliitwi tena faili. Ni marehemu anayengoja kuzikwa.

Katika somo la tatu, msafiri aitwaye Don Anselmo amefika uwanja wa ndege na sanduku lake halionekani. Anamlalamikia Bi Pilar wa kaunta. Sanduku ni jeusi, lina magurudumu, gurudumu moja linalia. Bi Pilar anasikitika.

"Ni banani bale banaongea mu nyumba yangu?" Mama Eugénie aliuliza.

"Ni wa kwenye somo, mama."

"Na banakula nini?"

"Hawali. Ni sauti tu."

"Sauti nayo inakaukaka. Mtu hawezi kuongea mu nyumba yangu na tumbo tupu, kesho bataenda kunisema." Akapakua sahani mbili, bugali na ndagala, dagaa wa kwao, akaziweka chini ya redio.

Alizipakua Jumatano pia. Alhamisi wenyewe walikuja. Don Anselmo alitangulia, amevaa suti iliyopigwa pasi. Bi Pilar alimfuata na kibao cha jina kifuani. Walinawa mikono, wakakaa mkekani, wakala. Don Anselmo alikula ndagala pamoja na vichwa.

Kabanyana, jirani muuza mandazi, alichungulia kwa kisingizio cha kuomba chumvi. "Kumbe beko bazungu ba kula hivi," alisema, akaondoka bila chumvi. Hadi asubuhi Kashojwa yote ilijua kwamba Eugénie ameposwa, na kwamba mchumba ni mzee lakini suti ni mpya.

Wageni hawakuwa na shida. Waliyajua maneno ya somo tu. Ukimuuliza Don Anselmo amelalaje, alijibu kwamba sanduku lake ni jeusi. Ukimuuliza Bi Pilar kama ameshiba, alisikitika. Lakini walimsahihisha Eugénie kwa upole, jioni baada ya jioni, na baada ya wiki tatu Kihispania kilimtoka kama maji ya bomba siku yanapotoka.

Shida ilikuwa midomo miwili zaidi kwenye mgao wa chakula wa watu wachache. Eugénie akawapeleka ofisini waandikishwe. Walipanga foleni tangu saa moja. Saa tatu karani Rutayisire, kijana wa Mbarara mwenye kalamu nne mfukoni, alitoka nje akaona suti.

"Nyabo, wewe ngoja pembeni," alimwambia Eugénie. "Wageni napita kwanza."

"Mimi ndiye mkalimani wao."

"Basi pita, lakini simama."

Wageni walipewa viti na maji ya chupa. Rutayisire aliuliza wamepoteza nini. Eugénie alitafsiri: sanduku. Sanduku gani? Jeusi, la magurudumu. Rutayisire aliweka kalamu chini akashika shavu. Alimwita mkubwa wake. Mkubwa alisikiliza upya, akauliza kama mpini nao ulipotea, akaambiwa ulipotea pamoja na sanduku, akaandika kurasa nne. Ushahidi upo? Eugénie alitoa redio, akacheza somo la tatu. Kila kitu kililingana, neno kwa neno. Ofisi ile haikuwahi kuona mtu ambaye maelezo yake hayabadiliki hata kidogo.

"Mzee huyu ameumia," mkubwa alisema, akagonga muhuri.

Kwa kuwa muhuri ulikuwa bado na wino, Eugénie aliuliza habari za faili lake.

"Wewe ulipoteza nini?" aliuliza Rutayisire.

"Baba. Kaka wawili. Nyumba, kule kwetu Fizi."

"Ushahidi iko?"

"Niko hapa."

"Hiyo si ushahidi, nyabo. Hiyo ni wewe."

Siku kumi na moja baadaye wageni waliitwa Mbarara kupimwa afya kabla ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Safari iliangukia Jumatano, siku ya mtihani wa mdomo wa Eugénie, ambao ulitaka mtandao usiokatika. Alikuwa ameomba barua ya ruhusa ya kutoka kambini mara mbili, akajibiwa kwamba mtihani si sababu. Sasa alipewa kiti cha nyuma bila kuomba, kwa ajili ya kutafsiri na kushika koti la Don Anselmo.

Wageni walipokuwa wanapigwa picha za kifua, alikimbilia mtaa wa Ruharo, kwenye nyumba moja ya intaneti, akavaa visikilizi. Mwalimu wa mtihani alitokea kwenye kioo, nyuma yake kabati la vitabu. Swali lilikuwa moja: eleza ulichopoteza safarini.

Eugénie alieleza. Alieleza baba aliyerudi ndani kuchukua Biblia na hakutoka. Alieleza kaka wawili, kwa majina na kwa urefu wa kila mmoja. Alieleza ziwa, na rangi ya mlango wa nyumba yao. Alitumia nyakati zote zilizopita, hata ile ngumu ambayo Bi Pilar mwenyewe huikwepa, na hakukosea mahali popote.

Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema sarufi ni safi na matamshi ni mazuri sana. Kisha akasema jibu liko nje ya mada. Somo la tatu lilihitaji sanduku, magurudumu, zipu, mpini na kaunta, naye hakutaja hata kimoja. Akampa arobaini na nane. Kufaulu ni hamsini. Akamtakia kila la heri na kumkumbusha kwamba kozi inarudiwa tangu somo la kwanza, bure.

Eugénie alirudi akashika koti.

Wageni waliondoka Jumatatu ya mwisho ya Aprili. Kashojwa iliwasindikiza hadi kwenye basi kwa nyimbo za kanisa. Mama Eugénie aliwafungia karanga. Don Anselmo alilia, na kwa kuwa hakuwa na maneno mengine ya uchungu, alimshika mama mikono yote miwili akamwambia kwamba sanduku ni jeusi.

"Batu ba mu redio banapanda ndege," Kabanyana alisema basi lilipokata kona, "siye ba nyama na damu tunabakia kupunga mikono. Minaona na mimi niingie mu redio. Eugénie, dada, mulango yake iko fasi gani?"

"Kaanga mandazi yako," Eugénie alisema.

Katikati ya Mei sanduku lilifika. Lilikuja lenyewe kwa barabara ya Base Camp, kwenye matope, gurudumu moja likilia. Lilisimama kisimani kupisha akina mama wenye ndoo, likakunja kulia, likaingia nyumbani bila kuuliza njia. Lilikuwa jeusi.

"Valize ya mzee," alisema Mama Eugénie. "Imetoka mbali, maskini." Akaliwekea sahani.

Asubuhi ya tatu Rutayisire alikuja na gari jeupe na fomu tayari imejazwa. Kesi ilikuwa ya kuunganishwa na familia, na kesi hizo, alieleza, hazingoji. Sanduku lilikuwa na hati yake ya safari. Waliliweka kiti cha mbele, wakalifunga mkanda.

"Weka sahihi hapa, nyabo. Ya shahidi."

Kulikuwa na nafasi ya kuandika uhusiano wa shahidi na msafiri. Eugénie aliuliza aandike nini.

"Andika jirani," alisema Rutayisire.

Akaandika jirani. Akauliza faili lake. Rutayisire alisema liko, akawasha gari, na sanduku likaenda Entebbe likitazama mbele.

Jioni ile, saa kumi na mbili, Eugénie alitundika redio kwenye msumari, akachomeka kadi, akakaa juu ya jerikani. Somo la kwanza lilikuwa la hotelini. Watu walikuwa wanaulizana funguo.

"Leo beko bangapi?" mama aliuliza kutoka jikoni.

Eugénie alisikiliza kidogo.

"Watatu," alisema. "Na mbwa."

"Mbwa iko na karatasi?"

"Ana paspoti."

Mama Eugénie akaongeza maji kwenye sufuria.