Majina Kumi na Tisa

Mgeni aligonga mlango kule Hail, Maskati, saa ya alasiri, Nasriya akiwa anaipima hotuba yake kwa saa ya simu. Alikuwa Mhindi mzee, na Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja hasa. Aliuliza kama hapo ndipo kwa wajukuu wa Sleyum mshona kanzu.

Masouda, bibi yake Nasriya, akamkaribisha kahawa. Mgeni akasema jina lake Vallabh, ana duka la vitambaa Matrah, na amesikia kwamba kesho Nasriya atazungumzia tume ya Waingereza waliopelekwa India mwaka 1928 kuitazama katiba, bila Mhindi hata mmoja kati yao. Siku tume iliposhuka Bombay, Wahindi wa mtaa wao Unguja waligawanyika. Wengine walitaka isikilizwe. Wengine walifunga maduka kuipinga na kuandika majina yao kwenye karatasi. Hao walioandika walikuwa Wahindi kumi na wanane. Wa kumi na tisa alikuwa Sleyum, aliyeshonea barazani kwa babu yake Vallabh. Ilikuwa Ijumaa, na kanzu ya bwana harusi ilikuwa bado haijatiwa darizi shingoni. Sleyum akafunika cherehani. Wenye harusi hawakumrudia tena.

"Baba aliniusia niilete karatasi hii kwenu," Vallabh alisema. "Nimechelewa."

"Karibu miaka mia," Bibi akamtania. "Umekuja mbio, bwana."

Nasriya alilitazama jina la babu wa bibi yake, lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu chini ya majina ya Kigujarati, akahisi amerefuka. Vallabh akamsomea yale mengine, naye akayaandika. Mzee akamwomba ayasome yote kesho, asiache hata moja. Nasriya akaahidi papo hapo.

Mgeni alipoondoka ndipo alipoipima hotuba pamoja na majina. Alikuwa anagombea kazi ya kuongoza wageni kwenye makumbusho, na hotuba ndiyo mtihani wenyewe: anayepita dakika kumi anatolewa. Alikata utangulizi, akakata mwisho. Bado majina yalizidisha muda.

"Soma la babu yetu, mwanangu. Yatosha," Bibi alisema. "Nna hakika mzee atasamehe."

"Nimemwahidi yote, Bibi."

Kesho yake, ukumbini Madinat Sultan Qaboos, kengele ya dakika kumi ililia kwenye jina la kumi na nne. Sabah, mwenyekiti wa waamuzi, aliinua mkono taratibu, kama mtu anayesikitika. Nasriya akajua kazi imekwenda. Safu ya nyuma, Vallabh alikuwa amesimama.

Akasoma la kumi na tano, kisha la kumi na sita, na hakuharakisha hata moja.