Mawifi wa Majiko Mawili

Mtaani walimwita Fundi, ingawa cherehani yake ilikuwa imefunikwa kitambaa tangu mgongo uanze kumgomea. Aliishi na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, katika nyumba ya vyumba viwili na ukumbi mwembamba ambayo marehemu aliwaachia wote wawili bila kusema nani achukue kipi. Enzi za uhai wake, wanawake hawa walipatana kama paka na panya. Wifi alikuwa akitangaza kwamba kaka yake hakuoa, aliolewa. Fundi naye alijibu kwamba wifi ana mdomo wa kulipwa, na hilo halikuwa tusi bali kweli tupu, maana kwa miaka thelathini mwanamke yule alikuwa opereta wa simu hospitali kuu. Ndiyo maana wakamwita Bi Simu.

Mwenye kuwaamua alipozikwa, majirani walikaa mkao wa kula kusubiri wararuane. Hawakuraruana. Uzee uliwaingia wote wawili kwa pamoja, na ule ugomvi wao ukageuka mazoea, kama kikohozi cha asubuhi. Wasipotupiana maneno mawili matatu kabla ya chai, siku haikuanza.

Walikuwa wakiishi kwa posho ya wazee, kila mmoja na yake, na kingine hawakuwa nacho. Basi habari za kanuni mpya zilipowafikia, ziliwakuta pabaya. Aliyezileta ni kinyozi wa nyumba ya pili, mtu ambaye habari hailali kwake. Alikuwa amesoma tangazo ukutani pale ofisi ya ustawi: wazee wote watahakikiwa upya, na kuanzia sasa kaya moja itapata posho moja. Kaya, akaeleza huku akihesabu kwa vidole, ni watu wanaolala chini ya paa moja na kula chungu kimoja. Lakini waliomo nyumba moja na kila mtu anajipikia mwenyewe, hao ni kaya mbili, na kila mmoja atapata chake. Afisa atapita nyumba kwa nyumba.

"Kwa hiyo ninyi hamna shida," kinyozi alisema. "Nani asiyejua kwamba hamwezi kula pamoja?"

Fundi alicheka kidogo, akamshukuru, akamsindikiza mpaka mlangoni. Aliporudi ndani alikuta wifi yake ameketi palepale, uso ameuelekeza dirishani.

"Umesikia," Fundi alisema.

"Masikio ninayo," alijibu Bi Simu.

Na kweli masikio alikuwa nayo. Tatizo lilikuwa macho. Ulikuwa mwaka wa pili sasa akiona vivuli tu, na mtu pekee aliyelijua jambo hilo ni Fundi. Wengine wote aliwapiga chenga. Miaka thelathini ya kusikiliza sauti za watu asiowaona ilikuwa imemfunza: mgeni akikohoa tu barazani, yeye ameshamtaja. Kutoka kitandani hadi mlangoni ni hatua tisa, kutoka mlangoni hadi kwenye kiti chake ni nne. Akikaa pale ameinua kidevu, ungeapa kwamba ndiye anayekuona vizuri kuliko wote.

Alificha kwa sababu ya hofu. Kuna mtu alimwambia kwamba wazee wasiojiweza serikali huwachukua na kuwapeleka makao ya wazee, watake wasitake, na kwamba ukishaandikwa kipofu huandikwi tena vingine. Siku alipoungua mkono akipika, alimwapisha Fundi asimwambie mtu. Fundi akaapa. Tangu siku hiyo jiko likawa moja na chungu kimoja. Fundi anapika, anapakua, anamwekea nyama upande wa kulia wa sahani na mboga kushoto, na Bi Simu analalamika kwamba chumvi imepungua.

Sasa walikuwa kwenye mtego. Wakisema kweli kwamba wanakula pamoja, posho moja imekwenda. Wakieleza kwa nini wanakula pamoja, Bi Simu aliona makao yanamsubiri. Waliligeuza jambo hilo siku mbili nzima. Mwishoni Fundi akaenda kuazima jiko kwa mama muuza mkaa, akaliweka kwenye pembe ya pili ya banda lao dogo la kupikia uani, akagawa sufuria: hizi zangu, hizi zako. Hata miiko aliigawa. Bi Simu akapewa kazi ya kukariri: jiko lake liko kushoto, sufuria zake tatu, anapika mchana mara moja.

"Tumefika umri huu tunacheza kupika-pika," alisema Bi Simu.

"Cheza vizuri basi," alijibu Fundi.

Afisa alikuja siku ya nne, asubuhi. Alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vimejaa vumbi hadi kisiginoni, faili amelikumbatia kifuani. Aliamkia kwa heshima, akaomba maji, akanywa glasi nzima kwa pumzi moja. Fundi alimhurumia, na kule kumhurumia ndiko kulikomfanya ajisikie vibaya zaidi kwa uongo uliokuwa ukimsubiri mdomoni.

Maswali yakaanza. Umri, magonjwa, watoto, nani analeta nini. Bi Simu alijibu kwa ile sauti yake ya kazini, laini na yenye uhakika, na aliposimama kumwonyesha afisa njia ya uani alihesabu hatua zake bila kukosea hata moja. Afisa alitazama majiko mawili. La kulia lilikuwa jeusi kwa masizi. La kushoto lilikuwa na majivu ya jana yaliyomwagwa kwa makusudi, na ukingo wake safi kabisa. Akaandika.

Walirudi ukumbini. Afisa akageuza karatasi mezani, akaisogeza mbele ya Bi Simu, akamwekea kalamu mkononi.

"Weka saini hapo kwenye mstari, mama, kwamba unajitegemea kwa chakula."

Bi Simu alishika kalamu. Akainamisha kichwa kama mtu anayesoma. Ncha ya kalamu ikashuka, ikagusa meza nje kabisa ya karatasi. Hapo mkono wa Fundi ukaondoka wenyewe, kama ulivyozoea kufanya kila siku mara hamsini, ukakamata kidole cha wifi yake na kukipeleka kwenye mstari. Alipogundua alichofanya, alikuwa ameshakifanya.

Afisa aliona. Alimtazama Fundi, kisha Bi Simu, kisha akaitazama karatasi. Nje muuza maziwa alikuwa akipiga kengele ya baiskeli, na ilionekana kama hatamaliza.

Fundi alikikumbuka kiapo chake. Kuhusu macho hakuweza kusema, hilo halikuwa lake. Lakini kuhusu chungu aliweza.

"Mwanangu," alisema, "usimwandike huyu kuwa mwongo. Mwongo ni mimi. Jiko lile la kushoto nimeliazima. Tunakula pamoja, chungu kimoja, na mpishi ni mimi. Kama posho ni moja, futa jina langu, bakiza lake."

Alisema hivyo akiwa ametazama chini, kwa hiyo hakuona uso wa wifi yake. Alichosikia ni kalamu ikiwekwa mezani.

"Mimi sioni," alisema Bi Simu. Ile sauti ya kazini ilikuwa imekwisha, imebaki ya kizee. "Mwaka wa pili huu. Angekuwa hanipikii ningekuwa nimeshakufa kwa njaa au kwa moto. Andika hivyo. Kama ni makao, nipelekeni, lakini yeye msimfute."

Afisa alifunga faili. Kisha akauliza ni nani aliyewaambia habari za makao. Bi Simu akasema watu. Afisa akatikisa kichwa, akaeleza taratibu, kama anayemweleza mama yake mzazi, kwamba makao ni ya wale wasio na mtu, tena wanaoomba wenyewe, na orodha ya wanaosubiri nafasi ni ndefu kiasi kwamba hata angetaka hangepata. Hakuna anayebebwa kwa nguvu. Katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kumwondoa mtu mwenye nyumba na mwenye wa kumpikia.

Kisha akafungua faili na kutoa kijitabu cha kanuni, kurasa zimekunjwa pembe kwa kusomwa. Akalamba kidole, akatafuta, akasoma kifungu chenyewe kwa sauti. Kilisema kwamba mtu asiyejiweza kwa maradhi au ulemavu, na yule anayemhudumia, hata wakila chungu kimoja, kila mmoja atahesabiwa peke yake.

Fundi alimwomba asome tena. Alisoma tena.

"Mbona tangazo halikusema?" Fundi aliuliza.

"Tangazo lina nafasi ndogo," alisema afisa. "Watu wanaumia kwa yale yasiyoingia kwenye tangazo."

Fundi aliinyoshea kidole ile fomu na kuuliza uongo ulioandikwa mle utakuwaje. Afisa akaichukua, akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye mkoba. Fomu isiyotiwa saini ni karatasi tu, alisema. Akatoa nyingine nyeupe, akaanza upya, safari hii akiandika aliyoambiwa. Kilichobaki ni cheti cha daktari wa macho, na kiletwe ndani ya siku thelathini.

Kwenda kwa daktari ndiko kulikuwa na kazi, maana kulimaanisha kutoka nje na kuonekana. Kutoka mlangoni hadi barabarani hakukuwa na hatua alizozihesabu. Bi Simu alisimama kizingitini kwa muda, kitenge amekivuta mpaka kwenye nyusi, kisha akanyosha mkono hewani. Fundi akaushika. Wakapita mbele ya kinyozi wameshikana mikono mchana kweupe, na kinyozi, kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu za mtaa, akakosa la kusema.

Hospitali ilikuwa ileile aliyoifanyia kazi. Walipofika dirishani, karani akamuuliza jina, naye akalitaja. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, akatoka muuguzi mkuu mwenye mvi, akauliza nani ameongea hapa. Sauti hiyo, alisema, ndiyo iliyokuwa ikimwamsha zamu zote za ujana wake. Wakakumbatiana pale penye foleni. Bi Simu alimgusa muuguzi uso kwa vidole, na muuguzi akaelewa bila kuelezwa. Hakuwapitisha mbele ya watu, lakini aliwaletea viti viwili, na kwa migongo yao hilo lilitosha.

Daktari alimulika, akapima, akamulika tena. Habari yake haikuwa nzuri, wala haikuwa mbaya kama waliyokuja nayo vichwani. Ilikuwa presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, alisema, ila vile vivuli vilivyobaki vinaweza kulindwa kwa dawa ya matone asubuhi na jioni. Bi Simu akauliza kama angekuja mapema ingekuwaje. Daktari akamjibu ukweli, kwamba kingeokolewa zaidi. Bi Simu akakubali kwa kichwa. Njiani alisema mficha maradhi ndiye huyu, sasa wamemwona, na hakulizungumza tena.

Cheti kilipelekwa. Mwezi ule posho zote mbili zilisimamishwa kusubiri uamuzi, nao wakaishi kwa dengu, na kwa mikanda mitano ya sare za shule aliyoishona Fundi huku akisimama kila baada ya mstari kunyosha mgongo. Alikuwa mkali siku hizo. Kila akisikia pikipiki alidhani ni barua.

Barua haikuja. Walikuja kuitwa kwa mdomo, na walipofika ofisini yule afisa alikuwa mlangoni akiwatafuta kwa macho kati ya watu. Hakuwazungusha.

"Mmepita wote," alisema. "Kila mmoja kwa jina lake. Na ya mwezi uliopita mtapewa pamoja na ya mwezi huu."

Fundi alitaka kushukuru, lakini akajikuta amekaa kwenye benchi pembeni ya mtu asiyemjua. Akashusha pumzi ndefu mpaka yule mtu akamuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi, ni heri tu. Bi Simu, ambaye alikuwa amesimama akishikilia bega lake, akamwambia afisa kwamba wifi yake huyu ana tabia ya kukaa popote, amsamehe. Lakini mkono wake haukuondoka pale begani.

Walirudi nyumbani polepole. Jua lilikuwa limepanda, mapishi yalikuwa bado, na Fundi akasema anajinyosha dakika tano tu. Akalala na viatu. Alikuwa kwenye ule mpaka wa usingizi, mwili umekuwa mzito kwa raha, aliposikia hatua barazani, kikohozi, na kabla mgeni hajabisha, sauti ya wifi yake kutoka kwenye kiti.

"Kinyozi, rudi baadaye. Habari ni njema, utazisikia. Ila dada yangu amelala."

Katika miaka yote ile Bi Simu hakuwahi kumwita dada. Fundi alitaka kuinuka amwambie amesikia, ili apate la kumtania wiki nzima. Kisha akaona halina haraka. Akageukia ukutani, akavuta shuka.