Nyumba Iliyoota Kona

Alhamisi ya kwanza baada ya sherehe za Uhuru, wanawake wa Shinyalu walikuwa wamekaa sakafuni katika nyumba ya Muhonja, wakifuma vitambaa vya kufunika viti. Hakuna kati yao aliyekuwa na kiti, lakini mwalimu wao, Kageha, alikuwa amefundishwa chuoni kwamba vitambaa ndivyo vinavyoanza. Alikuwa msichana mpole kutoka Maragoli, aliyetumwa na ofisi ya maendeleo mjini Kakamega, na alipozungumza aliangalia sindano yake.

"Ustaarabu huanzia nyumbani," alisema.

Nyuma yake ukuta wa udongo ulijikunja ukawa kona. Muhonja aliinuka, akasogeza mtungi wa maji kwa kuwa kona ilikuwa imekuja pale ulipokuwa, akaketi tena na kuendelea kufuma. Nyumba yake ilikuwa ya mviringo tangu Cornelius, mume wake marehemu, alipoijenga. Sasa ilikuwa ya mviringo yenye kona moja.

"Mwalimu," aliuliza Sellah, jirani yake, "hicho kitu ni nini hasa? Kinalikanga na mboga?"

"Ni hali ya kuwa mstaarabu."

"Na mstaarabu ni nani?"

"Ni mtu mwenye ustaarabu."

"Haya. Sasa nimejua," Sellah alisema, na wenzake wakacheka mpaka nyuzi zikachanganyikana.

Kageha naye alicheka kidogo. Akirudi mjini kwa baiskeli alijaribu kujieleza neno lile, akashindwa, ingawa chuoni aliulizwa hilo hilo kwenye mtihani na akasifiwa kwa jibu lake.

Jioni alikuja Mzee Lazarus, baba mkwe wa Muhonja, kama alivyokuja kila jioni. Alisimama penye ua wa miti ya lusiola, akaipa nyumba mgongo.

"Mama, umeshinda?"

"Nimeshinda, Baba."

"Nyumba naitaka. Mwanangu Protus anataka kuoa, na hana pa kumweka mke. Utatoka lini?"

"Ingia tuongee, Baba."

Hakuingia. Mkwe haingii nyumba ya mke wa mwanawe, haoni kitanda chake wala hasogelei mafiga yake, na Mzee Lazarus hakuwahi kuvunja mila hata moja. Maneno ya kumtoa mjane nayo hayasemwi kutoka uani yakawa na nguvu; lazima yasemwe ndani, na mwenye boma mwenyewe. Kwa hiyo alisikia jibu lile lile, akaaga vizuri, akaenda zake. Hivyo ndivyo Muhonja alivyoishi kwa amani tangu Cornelius azikwe.

Kona ya pili ililetwa na katekista, aliyesimama mlangoni kumwambia kwamba kuja kanisani bila viatu si ustaarabu. Ilikuja na dirisha la kioo. Kuku walikaa nje wakijitazama.

Ya tatu ilitokana na baraza. Muhonja alimwuliza liguru, mkuu wa kijiji, kama Uhuru huu unamruhusu mjane kubaki na shamba lake.

"Mama, uliza kistaarabu," liguru alimjibu.

Aliuliza tena, kwa sauti ya chini. Liguru akasubiri. Akauliza kwa sauti ya chini zaidi, kisha zaidi, mpaka swali likasikiwa na Muhonja mwenyewe peke yake, na liguru akamshukuru, akafunga mkutano kwa sala. Muhonja alipofika nyumbani aliikuta kona imeshakauka. Neno lolote lililosemwa ndani ya kona hiyo halikutoka. Sellah alipenda kwenda kukaa humo na kumtukana mume wake.

"Mimi sielewi," Muhonja alimwambia Kageha Alhamisi iliyofuata. "Kwako ni vitambaa. Kwa katekista ni viatu. Kwa liguru ni kunyamaza. Neno moja, na linataka nafasi yote hii. Kitanda changu sasa nakiweka wapi?"

Kageha alikitazama kitanda. Kilikuwa kimesukumwa hadi karibu na mlango. Kisha Muhonja akamweleza habari za Mzee Lazarus, na machozi yakamjaa mwalimu kwa sababu hakujua kwamba kulikuwa na mtu akisimama pale nje kila jioni.

Jioni alimsubiri mzee penye ua. Mzee alipofika, Kageha alipiga goti kidogo.

"Mzee, nakuomba," alisema. "Huyu mama hana kwingine. Jambo hili tulimalize kistaarabu."

Kona ya nne ikaingia mahali pake. Nyasi za paa zililala, zikainuka zikiwa mabati. Nguzo ya katikati ikazama ardhini taratibu, kama mtu aliyeambiwa kazi yake imekwisha.

Mzee Lazarus aligeuka, akaitazama nyumba kwa mara ya kwanza tangu mwanawe aoe.

"Mwana wanje, mtoto wangu," alimwambia Kageha, "mimi nilikatazwa nyumba ya mke wa mwanangu. Hii si ile. Hii ina kona nne kama ofisi, na ofisini kila mtu anaingianga."

Ndani, Muhonja alikuwa ameshasema, kwa mazoea, "Ingia tuongee, Baba."

Mzee alifuta miguu. Alivua kofia. Aliinama kidogo mlangoni, ingawa mlango sasa ulikuwa mrefu kuliko yeye, akaketi, akakisifu kitambaa. Muhonja akampikia chai. Aliimaliza, akashukuru, akamwambia kwa upole mwingi atoke kabla ya Jumapili.

Muhonja alihamia jikoni, kijumba cha mviringo nyuma ya nyumba. Humo hakuna aliyewahi kulitaja neno lile, kwa kuwa jikoni watu walizungumza habari za moshi na chumvi tu.

Mke wa Protus alipoletwa, alimkuta baba mkwe wake amekaa sebuleni, na hakujua atazame wapi.

Kisha wageni walikuja kutoka mjini kuitazama nyumba, wakasema ni ya mfano kwa wilaya nzima. Walikula ingokho na obusuma, kuku kwa ugali. Viti vilikuwa vimepatikana, na mmoja wao alijifutia vidole kwa kitambaa alichofuma Muhonja. Hakuna aliyeuliza nani alikifuma. Mvua ilipoanza, mabati yalipiga kelele hata hotuba haikusikika, lakini walipiga makofi.

Kageha alitoka, akazunguka nyuma, akaingia jikoni. Muhonja alimsogezea kigoda karibu na moto. Hapo mvua ilikuwa ikianguka juu ya nyasi bila sauti. Mwalimu aliketi, akafungua kinywa.

Muhonja akamziba mdomo kwa kiganja chenye unga.

"Hapa usiliseme, mwalimu," alisema. "Hapa ni padogo."

Kageha alitaka kusema pole. Alitikisa kichwa tu, na wote wawili wakaegemea ukuta.